Mtaro Wetu Ulivyogeuka Bomba la Majitaka



Katika kurasa za historia mwaka huu tumechagua kuandika habari za mtaro. Wapo watakaocheka. Lakini harambee ya mwaka huu ni ya mtaro na vyoo, na mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kujua shida ilianzia wapi, na kwa nini kamati imekataa ombi la wanachama wengi la kuufunika mtaro kwa zege.

Mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927, enzi za Waingereza, wakati dhahabu ya Lupa ikiwavuta watu kwenda upande wa Chunya. Ulijengwa chini ya mlima Loleza, na maji ya mvua yaliyoanguka mlimani yaliteremka, yakapita, yakaenda zake bondeni. Waliopanga mji hawakuwa na sababu ya kufikiri sana juu ya bonde. Huko chini kulikuwa na mashamba, na shamba halilalamiki likipata maji.

Mambo yalibadilika pale barabara kuu ya Zambia ilipotiwa lami, kisha reli ya TAZARA ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Watu walikuja kutafuta kazi na biashara kutoka Rungwe, Kyela, Ileje, Mbozi, Makete na kwingineko. Walijenga karibu na barabara, kuanzia Kabwe na Mwanjelwa hadi huku kwetu. Jina la mtaa nalo ni la nyakati hizo. Soweto ya Afrika Kusini ilijulikana Afrika nzima baada ya wanafunzi kupigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, na hapa Tanzania jina hilo limeshika mitaa kadhaa. Arusha wanayo Soweto yao, Moshi vilevile. Tusigombane nao.

Waliokuja walikuja na elimu moja kuhusu choo, nayo ilikuwa elimu nzuri. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kujisomea, na nchi nzima watu wakachimba vyoo vya shimo. Kijijini choo kikijaa, unafukia, unapanda mgomba juu yake, unachimba kingine hatua chache kando. Mgomba unashukuru. Kiwanjani Soweto hakuna hatua chache kando. Nyumba moja ya kupangisha ina vyumba sita au nane, kila chumba na familia yake, uani pana choo kimoja, na ukuta wa jirani uko hapo hapo. Shimo likijaa, halina pa kuhamia.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila mpangaji wa mjini analijua: kutapisha. Mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa, hasa ya usiku. Anatoboa ukuta wa shimo upande wa mtaro, au anafungua bomba alilolizika siku nyingi, na mvua inabeba kila kitu. Asubuhi choo kina nafasi, na mtaro una mzigo. Wengine hawasubiri hata mvua. Maji ya kufulia na ya kuogea yanaingia mtaroni kila siku, yakipata na makaratasi na mabaki ya sokoni. Mvua za Mbeya huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo karibu nusu ya mwaka mtaro uliochimbwa kwa ajili ya maji ya mlimani unafanya kazi mbili.

Wahandisi wana jina la mfumo wa namna hiyo: mfumo wa pamoja, yaani njia moja inayobeba maji ya mvua na majitaka. Kasoro yake ni moja duniani kote. Siku za jua unatosha. Siku ya mvua kubwa njia inajaa, na kinachofurika kinafurika na uchafu wote.

London ndiyo mfano mkubwa. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge bungeni wakashindwa kuvumilia. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa ya matofali ya kukinga majitaka kabla hayajafika mtoni, na kipindupindu kikaondoka katika jiji lile. Lakini mfumo wake ulikuwa wa pamoja: mvua ikizidi, mabomba yalifunguka kwenye mto huo huo. Waingereza waliishi na kasoro hiyo zaidi ya miaka 100, mji ukikua, mpaka wakalazimika kuchimba handaki la kilomita 25 chini ya Thames, lililoanza kufanya kazi kikamilifu mwaka 2025 kwa gharama ya mabilioni ya pauni. Karibu na nyumbani, Mji Mkongwe wa Zanzibar una mifereji ya zamani inayobeba maji ya mvua na majitaka pamoja hadi baharini, na kuirekebisha chini ya nyumba zilizobanana vile ni kazi ngumu kweli.

Sisi tofauti yetu ni kwamba hakuna mhandisi aliyeuchora mfumo wetu. Tumeujenga wenyewe, shimo kwa shimo, usiku kwa usiku.

Na mji umeendelea kujaa. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 266,422 Mbeya mjini. Ya mwaka 2022 ilihesabu 541,603. Mradi wa miji ya kimkakati, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2010, ulileta jijini barabara za lami na mitaro ya zege, na tunashukuru. Ila lami hainywi maji. Paa la bati halinywi. Uwanja uliosakafiwa haunywi. Mvua ile ile iliyokuwa ikizama ardhini sasa inafika mtaroni ndani ya dakika chache, ikikuta takataka zimeziba kwenye kalvati. Basi inapanda juu, inaingia uani, inaingia jikoni.

Hatari yake haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekuwepo mwaka 2015. Kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa mikoani, na hadi katikati ya mwaka 2016 wagonjwa nchini walikuwa wamezidi 20,000. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilifutwa, taifa likaambiwa lifanye usafi. Hapa mtaani tulizibua mtaro kwa majembe na makoleo. Tope likawekwa ukingoni, likasubiri gari la taka, na mvua iliyofuata ikalirudisha lilikotoka.

Sasa tuje kwenye zege. Wanachama wengi, hasa mlioko Dar es Salaam na Dodoma, mmeandika kwamba mtaro wazi unatia aibu, ufunikwe. Aibu tunaielewa, na hatari ya mtoto kutumbukia tunaijua kuliko ninyi. Lakini ukifunika mtaro huu kama ulivyo leo, unapata ule mfumo wa pamoja wa kudumu: majitaka chini, mfuniko juu, hakuna anayeona nani anatapisha wala mahali palipoziba, na kuuzibua ni kuvunja. Fedha nyingi zingekwenda kuficha.

Kwa hiyo tunaanza na vyoo. Bomba la majitaka linaloishia kwenye mabwawa ya Kalobe halijafika kila nyumba, na kwa viwanja vyetu itachukua muda. Kinachowezekana sasa ni shimo lililojengewa kwa matofali na saruji lisiloweza kutobolewa, lenye mfuniko unaofunguka, na gari la kunyonya linaloitwa kabla ya Novemba. Wenye nyumba wengi wanatapisha kwa sababu safari moja ya gari hilo inalipwa fedha taslimu kwa mkupuo, na kodi za vyumba zinaingia kidogo kidogo. Pengine gari lenyewe haliwezi kupita uchochoroni, na inahitajika mipira mirefu zaidi.

Michango ya mwaka huu itaingia katika mfuko wa kukopesha wenye nyumba walio kando ya mtaro, warejeshe kwa awamu bila riba. Kiasi kidogo kitanunua nondo za kutengeneza vichungi mbele ya makalvati, na kulipa gari la kuondoa tope siku hiyo hiyo linapotolewa. Mtendaji wa mtaa na Bwana Afya wameombwa kukagua nyumba kwa nyumba pamoja na wajumbe wetu mwezi Septemba na Oktoba. Nyumba zilizokopeshwa zitakaguliwa tena katikati ya mvua, na orodha ya marejesho itasomwa kwenye mkutano mkuu. Suala la mifuniko litarudi mezani siku mtaro utakapopita msimu mmoja ukiwa na maji ya mlimani peke yake.