Uvumi wa rolakosta mpya: Jinsi siri za Kings Island zinavyovuja kabla ya siku yake

LISEMWALO lipo, na kama halipo linakuja. Methali hiyo ya wahenga inaielezea vyema hali inayojirudia kila baada ya miaka michache katika Kings Island, bustani kubwa ya burudani iliyoko mjini Mason, jimbo la Ohio, nchini Marekani, ambako huzuka uvumi kuhusu rolakosta mpya inayodhaniwa kuwa njiani kujengwa.

Rolakosta ni treni ya burudani inayokwenda juu ya reli zilizoinuliwa kwa nguzo. Hupandishwa polepole hadi kileleni, kisha huachwa iporomoke kwa kasi ikipita katika kona, vilima na wakati mwingine vitanzi vinavyowageuza abiria vichwa chini, miguu juu.

Mradi mmoja wa aina hiyo si jambo dogo. Diamondback, iliyofunguliwa Kings Island mwaka 2009, iligharimu dola za Marekani milioni 22. Banshee ya mwaka 2014 iligharimu dola milioni 24, na Orion ya mwaka 2020 ikafikia dola milioni 30.

Kwa sababu hiyo, uvumi huo haubaki kuwa porojo za vijana wapenda michezo pekee. Familia huutumia kuamua iwapo zinunue tiketi za mwaka mzima, wafanyabiashara wa jirani hukadiria idadi ya wageni, na wenye hisa hutaka kujua fedha za kampuni zinaelekezwa wapi.

Bustani yenyewe

Kings Island ipo umbali wa kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa jiji la Cincinnati. Ilifunguliwa mwaka 1972 na kampuni ya utangazaji ya Taft kuchukua nafasi ya Coney Island, bustani kongwe ya Cincinnati iliyokuwa ikikumbwa mara kwa mara na mafuriko ya Mto Ohio.

Mwaka huo huo ilizindua The Racer, rolakosta ya mbao yenye njia mbili sambamba, ambayo wanahistoria wa burudani huihesabu kuwa miongoni mwa zilizofufua upya mapenzi ya Wamarekani kwa mchezo huo. Mwaka 1979 ikafuata The Beast, yenye urefu wa mita 2,243 ndani ya msitu, ambayo ilipofunguliwa ilikuwa ndefu kuliko rolakosta zote za mbao duniani.

Umiliki wa bustani hiyo umebadilika mara kadhaa. Mwaka 1992 iliingia mikononi mwa Paramount, na mwaka 2006 kampuni ya Cedar Fair ikainunua pamoja na bustani nyingine za kundi hilo kwa dola bilioni 1.24. Julai 2024, Cedar Fair iliungana na Six Flags na kuwa kampuni moja.

Dalili zinazofuatiliwa

Uvumi wa rolakosta mpya kwa kawaida hauanzi hewani. Mashabiki wamejifunza kusoma dalili ambazo ni vigumu kuzificha, na ya kwanza ni kuondolewa kwa chombo cha zamani.

Firehawk, iliyohamishiwa Kings Island mwaka 2007 kutoka bustani ya Geauga Lake ya jimbo hilo hilo, ilibeba abiria wake wa mwisho Oktoba 2018. Eneo lililobaki wazi likawa swali, na swali likazaa majibu mengi. Agosti 15, 2019 bustani ikatangaza kuwa katika sehemu hiyo ingejengwa Orion.

Dalili ya pili ni kimo. Sheria za Marekani zinamtaka mjenzi wa kitu chochote kinachozidi futi 200, yaani mita 61, kutoka ardhini kuiarifu mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usafiri wa anga, ili ndege zisihatarishwe. Taarifa hizo huwekwa wazi kwa umma, na mtu anayejua pa kutazama anaweza kuona kwamba nguzo ndefu imeombewa nafasi ndani ya bustani.

Hata hivyo, dalili hiyo ina kasoro zake. Taarifa inaweza kuhusu winchi ya kunyanyulia mizigo wala si chombo chenyewe. Aidha, huonyesha urefu na mahali, lakini haisemi kama kinachojengwa ni rolakosta, mnara wa kuangushia abiria au bembea ndefu.

Dalili ya tatu ni jina. Kampuni hupenda kulilinda jina la chombo kipya kwa kulisajili kama alama ya biashara kabla ya kulitangaza, na maombi hayo nayo huonekana hadharani. Lakini kusajili jina si kujenga.

Mfano mzuri ni jina Banshee. Cedar Point, bustani nyingine ya Ohio, ilikusudia kulitumia kwa rolakosta yake ya mwaka 1996, kisha ikabadili nia na kuiita Mantis. Jina hilo lilisubiri miaka 18 kabla ya kutumika Kings Island.

Dalili ya nne ni chuma chenyewe. Kampuni ya Uswisi ya Bolliger & Mabillard, iliyobuni Diamondback, Banshee na Orion, imekuwa ikitengenezewa reli zake katika kiwanda cha Clermont kilichopo Batavia, mashariki mwa Cincinnati. Vipande vikubwa vya reli vilivyokwisha kupakwa rangi haviwezi kufichwa chini ya turubai kwa muda mrefu. Mashabiki wamezoea kuchungulia ua wa kiwanda hicho na kulinganisha rangi wanazoziona na uvumi uliopo.

Kadhalika, zipo michoro na maombi ya vibali yanayowasilishwa katika ofisi za mji. Sheria ya Ohio inampa mwananchi haki ya kuomba kuona kumbukumbu nyingi za umma, hivyo siri iliyotunzwa vizuri ndani ya bustani inaweza kupatikana kwenye faili la serikali za mitaa.

Bustani nayo hucheza

Itakuwa makosa kudhani kwamba wenye bustani huuchukia uvumi. Wakati mwingine wao ndio huupalilia kwa kutoa vidokezo, picha zisizo kamili na mafumbo majuma kadhaa kabla ya tangazo.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni Mystic Timbers, rolakosta ya mbao ya mwaka 2017. Bustani ilitangaza kila kitu kuhusu chombo hicho isipokuwa jambo moja: kilichomo ndani ya banda ambamo treni husimama mwishoni mwa safari. Kwa miezi kadhaa swali la nini kimo bandani likawa ndiyo tangazo lenyewe la biashara.

Mlango ulipofunguliwa, abiria walikuta maonyesho ya picha, sauti na taa. Wapo waliofurahi na wapo waliosema subira yao ilistahili malipo makubwa zaidi. Hiyo ndiyo hatari ya mchezo huu, kwamba matarajio hukua bila gharama, ilhali kila kitakachoonekana siku ya ufunguzi kina bei na mipaka ya bajeti.

Majira ya matangazo pia yana mantiki yake. Banshee ilitangazwa Agosti 8, 2013, na Orion ikatangazwa Agosti 2019. Huo ni wakati ambapo msimu wa kiangazi unaelekea ukingoni na tiketi za mwaka unaofuata zinaanza kunadiwa. Ujenzi mkubwa hufanyika wakati wa baridi, bustani ikiwa imefungwa.

Mabishano ya kimo

Hata baada ya tangazo, ubishi hauishi. Katika lugha ya mashabiki, rolakosta inayofikia futi 200 huitwa haipa na inayofikia futi 300 huitwa giga. Millennium Force ya Cedar Point, yenye kimo cha futi 310, ndiyo iliyolianzisha kundi la giga mwaka 2000.

Orion ina kimo cha futi 287, sawa na mita 87, lakini mteremko wake wa kwanza una urefu wa futi 300, sawa na mita 91, kwa kuwa reli hushuka hadi chini ya usawa wa mahali kilele kiliposimama. Bustani inaihesabu kuwa giga. Baadhi ya mashabiki wanashikilia kwamba kipimo ni kimo wala si mteremko. Kasi yake ya kilomita 146 kwa saa haibishaniwi na yeyote.

Fundisho la Son of Beast

Kuna uvumi mwingine ambao uzito wake si wa furaha. Mwaka 2000 Kings Island ilifungua Son of Beast, rolakosta ya mbao yenye kimo cha mita 66. Ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko nyingine zote za mbao, tena yenye kitanzi, jambo lililokuwa geni kwa rolakosta za mbao za zama hizi.

Julai 9, 2006 sehemu ya muundo wake wa mbao ilipasuka, reli ikabonyea, na abiria 27 wakaumia. Kitanzi kiliondolewa na treni nyepesi zikaletwa mwaka 2007. Juni 2009, baada ya abiria mwingine kulalamika kuumia, chombo hicho kilifungwa na hakikufunguliwa tena.

Kwa miaka mitatu kilisimama kimya huku watu wakibashiri. Wapo waliosema kingekarabatiwa, wengine wakasema kingegeuzwa cha chuma. Julai 2012 bustani ilitangaza kuwa kingebomolewa, na Banshee ikajengwa katika eneo hilo.

Tukio hilo linaonyesha kwa nini swali la nini kinajengwa haliwezi kutenganishwa na swali la nani anakikagua. Huko Ohio kazi hiyo ni ya Idara ya Kilimo ya jimbo, utaratibu unaoweza kumshangaza mgeni. Baada ya chombo kimoja kuvunjika katika maonyesho ya jimbo hilo mjini Columbus Julai 2017, ambapo mtu mmoja alifariki na wengine kadhaa kujeruhiwa, kanuni za ukaguzi zilikazwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019.

Namna ya kuupima uvumi

Msomaji anayekutana na habari za rolakosta mpya anaweza kuzipanga katika ngazi tatu. Ngazi ya chini kabisa ni maneno ya mtu anayedai kumfahamu mfanyakazi wa ndani. Hayo hayana ushahidi, na mara nyingi huchanganya matamanio na habari.

Ngazi ya kati ni nyaraka: vibali, taarifa za kimo na usajili wa majina. Hizo ni za kweli, lakini kila moja hueleza sehemu tu ya jambo, na mradi unaweza kuahirishwa au kubadilishwa hata baada ya nyaraka kuwasilishwa.

Ngazi ya juu ni misingi ya zege iliyokwisha kumwagwa na reli zilizokwisha kufika. Hapo fedha nyingi zimekwisha kutumika, na kurudi nyuma ni hasara.

Hata ngazi hiyo haitoi uhakika wa tarehe. Orion ilitangazwa kwa ajili ya msimu wa mwaka 2020, na reli zake zilikuwa tayari zimesimama wakati janga la Covid-19 lilipofunga bustani. Abiria wa kwanza waliipanda Julai 2020, miezi kadhaa baada ya wakati uliotarajiwa.

Wakati huo mashabiki walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye swali jipya. Vortex, rolakosta iliyodumu tangu mwaka 1987, ilistaafishwa Oktoba 2019 kwa maelezo kwamba imefikia mwisho wa maisha yake ya utumishi. Hata kabla vyuma vyake havijaondolewa, ubashiri ulikuwa umeanza kuhusu kitakachochukua kiwanja chake.