Ngitili, Akiba ya Nchi Kavu

Chama kikuu cha ushirika kinapotimiza miaka kumi, ni desturi kuhesabu marobota ya pamba, maghala na mizani. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho, na kila mwanachama atazisoma mwenyewe. Sisi tumeona yafaa kueleza habari ya kitu kisichopimwa katika mizani ya chama, ingawa bila hicho mizani isingekuwa na kazi. Kitu hicho ni majani ya kiangazi, na jinsi watu wa Shinyanga walivyokuwa nayo, wakayapoteza, kisha wakayarudisha.

Nchi yetu ni kavu. Mvua, kwa kawaida kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, huja kati ya Novemba na Mei. Pengine huchelewa, pengine hukatika mimea ingali michanga. Wazee waliijua tabia hiyo, wakajiwekea akiba za namna mbili. Akiba ya nyumbani ilikuwa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Akiba ya malishoni ilikuwa ngitili. Mvua zilipoanza, sehemu ya malisho ilifungwa, majani na miti ikaachwa ikue. Ilipofika Julai au Agosti, malisho mengine yamekwisha kukauka, ngitili ilifunguliwa sehemu kwa sehemu. Waliotangulizwa ni ndama, ng'ombe wagonjwa na wenye kunyonyesha, na tangu plau ilipoenea, maksai wa kulimia.

Akiba hiyo haikupotea kwa siku moja. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu walikusanywa kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o. Kazi hiyo ilikuwa na faida, kwani nchi ilifunguliwa kwa watu na mifugo. Lakini miti iliyofyekwa haikurudishwa. Kisha pamba ikaenea. Mwaka wa 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunda Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoongozwa na Paul Bomani, wakaanza kupata fedha kwa jasho lao. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe. Pamba yenyewe ilitaka mashamba mapya. Na ng'ombe wakazidi huku malisho yakipungua.

Serikali ya kikoloni iliuona uharibifu huo. Kwa mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka wa 1947, iliweka sheria za kulazimisha watu kufunga matuta na kupunguza mifugo. Baadhi ya mashauri hayo yalikuwa mema, lakini yaliletwa kwa amri na faini. Watu waliyapinga, na kufikia mwaka wa 1958 sheria hizo za lazima ziliachwa.

Katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishiwa katika vijiji vipya. Ngitili nyingi zikabaki nyuma, mbali na nyumba, bila mwenyewe wala mlinzi. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, visirudi hadi sheria ya mwaka wa 1982. Kufikia mwaka wa 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa zilikuwa kama hekta 600 tu, na mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka huo ndipo ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mpango huo ulitegemea sana bustani za miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadaye mabwana misitu waliwauliza wanakijiji kile wanachokijua, nao wakajibu: ngitili. Visiki na mizizi ilikuwa ingali hai chini ya ardhi. Hapakuhitajiwa seng'enge. Dagashida ilikaa ikaamua mahali pa kufunga, na sungusungu wakalinda. Mpango ulipokwisha mwaka wa 2004, ngitili zilikuwa zimefikia hekta 350,000 na zaidi katika vijiji 833 vya mkoa wa wakati ule, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka wa 2012. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2005 ulikadiria kwamba kuni, asali, dawa, majani na mengineyo ya ngitili yalimfaa kila mtu kwa kiasi cha dola 14 za Marekani kwa mwezi. Na matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50 tu.

Udongo ulikuwa ule ule, na mvua ile ile isiyotegemeka. Kilichobadilika ni mwenye kusema, "Fungeni." Liliposemwa na ofisi, halikudumu, liliposemwa na mkutano wa wenye nchi, miti iliota.

Habari hii yatuhusu leo. Joto la dunia limekwisha kupanda kwa zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19, na kiangazi cha nchi kavu huzidi kuwa kikali. Wakati huo huo ngitili hukatwa mkaa, hugawanywa kwa warithi, na hulimwa. Tena kuna neno gumu: pamba yetu wenyewe huitaka ardhi hiyo. Afyekaye ngitili apate ekari mbili zaidi huongeza mauzo ya chama msimu huu. Lakini maksai wake watakula nini Septemba? Maksai aliyekonda halimi mvua ya kwanza, na pamba iliyochelewa hukutwa na ukame.

Wako watakaosema kwamba ada ya shule haingoji miti ikue. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Pia ni kweli kwamba penye ngitili za watu binafsi tu, asiye na ng'ombe hubaki nje. Kwa sababu hizo twaona ngitili ya kijiji zima ndiyo ya kulindwa kwanza, nayo ifunguliwe kwa kuni na asali kwa kila nyumba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi na kutunga sheria zake ndogo.

Katika mkutano mkuu ujao, wajumbe wataletewa shauri hili: kila chama cha msingi kiombe kijiji chake kuandikisha ngitili, na mkopo wa pembejeo usitolewe kwa shamba lililofyekwa ndani yake. Shauri hili haliwezi kutoka ofisini kama amri, maana mwisho wa amri tumekwisha kuueleza. Wanachama walijadili vijijini mwao kabla ya mkutano, na wajumbe waje na neno lao.