Kafara ya Malkia na Ustadhi wa Halab

Hapana chama cha sataranji, hata kiwe cha makarani na wanafunzi wakutanao jioni baada ya kazi, ambacho ubao wake haujapata kuona mweupe akimtanguliza askari wa malkia nyumba mbili, mweusi akamkabili kwa askari wake vivyo hivyo, kisha mweupe akamtoa askari wa jirani, aliye mbele ya askofu, akamweka mahali pa kuliwa. Hiyo ndiyo Kafara ya Malkia, ambayo wanazuoni wa mchezo huu wanaifahamu tangu mwishoni mwa karne ya 15.

Lakini kafara yenyewe haikukamilika, kwani mweusi akimla askari yule kisha akaingia tamaa ya kumlinda mlaji kwa askari wa ubavuni, mweupe huwachokoa kwa askari wake wa ukingoni, na pindi njia ifungukapo malkia huchomoza akaielekea ngome iliyo kwenye pembe, hata mweusi asiwe na budi kupoteza kete yenye thamani kuliko ile aliyoichuma.

Aliyeupenda ufunguzi huu kwa dhati ni Philipp Stamma, mzaliwa wa Halab katika nchi ya Shamu, aliyechapisha kitabu chake Paris mwaka 1737, kisha akawa mkalimani wa lugha za Mashariki kwa mfalme wa Uingereza, na kwa sababu yake watu wakauita ufunguzi huu kwa jina la mji wake. Mwaka 1747 Philidor wa Ufaransa alimshinda vibaya mjini London, na sifa yake ikafifia. Nami naona amedhulumiwa, maana ndiye aliyezitaja nyumba za ubao kwa herufi na tarakimu, utaratibu ambao ulimwengu mzima waufuata leo.

Bingwa La Bourdonnais aliutumia ufunguzi huu mara nyingi dhidi ya mpinzani wake McDonnell mwaka 1834, ingawa aghalabu ya mabingwa wa karne ile walipendelea askari wa mfalme. Utukufu wa ufunguzi huu ulitimia Buenos Aires mwaka 1927, Alekhine alipomkabili Capablanca, bingwa wa dunia, kwa michezo 34, yote ikiwa ya Kafara ya Malkia iliyokataliwa, isipokuwa wa kwanza na wa tatu. Michezo 25 ilikwisha kwa sare. Na ule wa mwisho, ambao Alekhine aliuanza kwa kete nyeupe, ulifikia hatua 82 kabla Capablanca hajaandika barua ya kukiri kuwa taji limemtoka.