Korongo la Colca na Njia Ziendazo Humo

Katika zama zetu limezuka tabaka la wasafiri ambalo wazee wetu hawakulijua. Ni vijana wenye fedha chache na siku nyingi, wachukuao mali yao yote katika shanta mgongoni, na wapendao basi la usiku kwa sababu mbili: nauli yake ni nafuu, na kiti chake huwaokolea gharama ya kitanda. Huko Peru, katika Amerika ya Kusini, wasafiri hao hupanda basi Lima au Cuzco, huamka Arequipa, na kabla ya jua kuchomoza siku ifuatayo hushika njia ya Cabanaconde, kijiji kilicho ukingoni mwa korongo la mto Colca. Njia hupita Patapampa, penye kimo cha karibu mita 4,900 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na kichwa humwuma mgeni hata akitafuna majani ya koka kama wenyeji. Kutoka kijijini hushuka kwa miguu zaidi ya mita 1,000 hadi Sangalle, penye mitende na vidimbwi vya kuogea. Hulala hapo, na alfajiri hupanda tena. Ashindwaye na mlima hukodi nyumbu.

Safari hii aghalabu husimuliwa kuwa ni ya kwenda nyikani, mahali ambapo mkono wa mwanadamu haukugusa kitu. Hapo ndipo nisipoafikiana na wasimulizi. Ni kweli kwamba korongo lenyewe ni kazi ya mto: mahali pa kina kikubwa hushuka kiasi cha mita 3,270, karibu mara mbili ya kina cha Grand Canyon ya Marekani. Lakini vijia, mashamba, maji yapitayo mashambani, na hata barabara ya basi, vyote ni kazi ya watu, na baadhi ya kazi hizo zilileta ugomvi ambao msafiri huukanyaga pasipo kuujua.

Jina la mto lingetosha kumwamsha. Colca, katika lugha ya Kikechua, ni ghala ya nafaka, na maghala ya kale yangali yakionekana yamejengwa katika kuta za magenge. Kwetu sisi neno korongo huwa bonde lililochimbwa na maji, na pia huwa shimo la kutilia mbegu; msemaji wa Kiswahili basi asingestaajabu sana kusikia kwamba korongo hili lilijulikana kwa chakula chake.

Wenyeji wake walikuwa kaumu mbili, Wakolyagua upande wa juu na Wakabana upande wa chini. Mwaka 1586 mtawala wa wilaya hiyo, Juan de Ulloa Mogollón, aliandika kwamba kila kaumu ilidai asili yake ni mlima wake, na kwamba waliwafunga watoto wachanga vichwa ili vifanane na mlima huo: Wakolyagua vichwa virefu vilivyochongoka, Wakabana vichwa vipana. Serikali ya Kihispania iliipiga marufuku desturi hiyo. Tofauti ikahamia katika mavazi, na hata leo kofia ya mwanamke hueleza atokako: ya majani makavu, nyeupe, kwa upande mmoja, na ya kitambaa kilichotariziwa kwa upande wa pili.

Watu hao ndio waliozikata pande za bonde kuwa ngazi za mashamba, moja juu ya nyingine, zenye kuta za mawe na mifereji iletayo maji ya theluji kutoka milimani. Nyingi zilikuwapo kabla ya Wainka kuitawala nchi hiyo katika karne ya 15. Baada ya Wahispania yakaja maradhi na kodi, na katika miaka ya 1570 Makamu wa Mfalme Francisco de Toledo akawahamisha watu kutoka makao yao yaliyotawanyika, akawakusanya katika vijiji vyenye mitaa iliyonyoka na kanisa katikati. Vijiji ambavyo basi husimama leo ni hivyo hivyo. Ngazi nyingi ziliachwa, na mgeni huzidhania kuwa ni mikunjo ya mlima tu.

Mwaka 1931 Wamarekani wawili, Robert Shippee na George Johnson, walilipiga bonde picha kutoka katika ndege, na mwaka 1934 makala yao ikatoka kwa jina la bonde lililosahauliwa. Lilisahauliwa na nani? Fedha ya migodi ya Caylloma, iliyovumbuliwa mwaka 1626, ilikuwa imekwisha kusafirishwa kwa miaka mia tatu, na mtoza kodi hakupata kusahau njia. Sifa ya kusahauliwa hutolewa na yule aliyefika mwisho.

Ama barabara ya basi, haikukusudiwa wageni. Katika miaka ya 1970 serikali ya Peru ilianza mradi wa Majes: kuyageuza maji ya Colca pale Tuti na kuyapeleka kwa mahandaki na mifereji yenye urefu wa kilomita 100 hivi, ili yakanyweshe jangwa lililo karibu na pwani. Makampuni ya Sweden, Uhispania, Uingereza, Kanada na Afrika ya Kusini yaliungana kuifanya kazi hiyo, na barabara zikafunguliwa na kupanuliwa kwa ajili ya mitambo yao. Mfereji ulipita juu ya vijiji vya ukingo wa kusini, nao wenyeji hawakupewa hata tone. Waliomba, wakakataliwa. Mwaka 1983, katika ukame mkali, wanaume kumi na mmoja wa Cabanaconde waliutoboa mfereji ili kuokoa mahindi. Kijijini huitwa mashujaa kumi na mmoja. Kwa sheria ya nchi walikuwa wameharibu mali ya umma. Lakini mali hiyo ilikuwa mto wao wenyewe, na sioni jina jingine liwafaalo kuliko hilo walilopewa na jirani zao. Serikali ilikubali hatimaye kuwagawia maji, vijiji vingine navyo vikadai, na katika Cabanaconde baadhi ya ngazi zilizoachwa zamani zikafufuliwa na kulimwa tena.

Kwa barabara hiyo hiyo wageni wakaja. Mwaka 1974 Hilary na George Bradt walikwisha kutoa kijitabu cha kuwaongoza watembeao kwa shanta katika njia za kale za Peru na Bolivia. Na mwaka 1981 wanafunzi wa Kipolandi kutoka Kraków waliteremka mtoni kwa mitumbwi na kuutangaza ulimwenguni ule undani wa korongo. Kidogo kidogo nyumba za kulala wageni zikajengwa. Fedha yao husaidia, sikatai, ingawa si kila kijiji hupata: Tapay, ng'ambo ya mto, maarufu kwa matunda, umetoa wahamiaji wengi kwenda Arequipa na Lima, na vijia vyake sasa hukanyagwa zaidi na wageni kuliko na vijana wake.

Na hao wahamiaji ndio abiria wakongwe wa basi la usiku. Mwezi wa Julai, kwa sikukuu ya Bikira wa Karmeli, watu wa Cabanaconde hurejea kutoka Lima, na wengine kutoka viunga vya Washington huko Marekani, wakiwa na vyombo vya muziki, mavazi ya kuchezea na mizigo mikubwa. Siku hizo mgeni mwenye shanta huenda akasimama mpaka Cabanaconde, kwa kuwa viti vimejaa wenyeji.