Saini bila kalamu ilikubaliwa lini?

Juzi nilitakiwa kurudisha mkataba wa kupanga nyumba. Ulikuja kwa barua pepe, nikausoma kwenye simu, nikaridhika nao. Kisha nikapanda daladala hadi steshenari, nikachapisha kurasa sita, nikatia saini kwa kalamu ya kuazima, nikaskani, nikautuma kwa barua pepe ileile. Karatasi zenyewe ninazo mimi. Mwenye nyumba hakuzigusa kamwe. Alichopata ni picha ya saini yangu, ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuikata na kuibandika kwenye mkataba mwingine.

Nikajiuliza ni sheria gani inayodai usumbufu huu. Hakuna.

Saini haijawahi kuwa lazima iwe maandishi ya mkono. Wazee wetu wengi hawakujua kuandika, lakini waliweka dole gumba na makubaliano yao yakasimama. Mwaka 1858 huko Bengal, ofisa Mwingereza William Herschel alimpaka wino kiganjani mkandarasi Rajyadhar Konai, kisha kiganja kikagandamizwa kwenye mkataba wa vifaa vya kujengea barabara. Miaka 11 baadaye, mahakama ya New Hampshire, Marekani, iliulizwa kama mkataba uliofungwa kwa simu ya maandishi ulikuwa na saini. Ikajibu kuwa ulikuwa nayo: kalamu iwe fupi ya chuma au waya wa maili elfu moja, kinachotazamwa ni ridhaa ya mtu.

Tanzania ilichelewa kufika hapo. Sheria yake ya Ushahidi ya 1967, iliyofuata nyayo za ile ya India ya 1872, ilitungwa watu wakifikiria karatasi na madaftari. Katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, iliyofunguliwa mwaka 2000 katika Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, upande mmoja ulipinga taarifa za benki zilizotolewa kwenye kompyuta kwa hoja kwamba hazikuwa daftari la benki. Jaji Nsekela alizipokea, akisisitiza kuwa sheria haiwezi kuachwa nyuma na teknolojia. Kwangu huo ni uamuzi wa kishujaa, maana Bunge lilikuwa bado limenyamaza. Lilirekebisha Sheria ya Ushahidi mwaka 2007, tena kwa kesi za jinai na kumbukumbu za benki tu.

Mlango ulifunguka wazi kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Sheria hiyo inasema pale saini inapotakiwa, saini salama ya kielektroniki inatosha. Neno "salama" ndilo la kushika. Saini hiyo iwe ya mtu mmoja, imtambulishe, iwekwe na yeye mwenyewe bila mwingine kuitawala, na ifungamane na hati kiasi kwamba herufi moja ikibadilishwa itajulikana. Pima picha ile niliyotuma na vigezo hivyo uone ilivyo dhaifu. Tulichokiita kujihadhari ndicho chenye hatari zaidi.

Kenya ilizitambua saini hizi mwaka 2009, lakini sheria nyingine zikabaki na lugha ya wino. Machi 2020, siku chache baada ya nchi kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, ilitiwa saini sheria iliyorekebisha kwa mkupuo sheria za mikataba, za usajili wa hati na za ardhi.

Ofisi zinazoendelea kudai "chapisha, saini, skani" ziache, maana zinawagharimu watu nauli na siku nzima bila kuwaongezea ulinzi wowote. Nawe uliyetumiwa mkataba, tunza barua pepe zote zilizouzunguka. Siku ya ubishi ndizo zitakazoonyesha nani aliridhia nini. Ila wosia usiutie saini kwa simu. Sheria ya Kenya ya 2009 iliuweka kando waziwazi: huo bado unataka saini au alama yako na mashahidi wasiopungua wawili.