Kuwahiana: kasoro iliyokaa miaka tisa ndani ya Linux

Tafsiri ya "race condition" inayokuja haraka mdomoni ni "hali ya mbio", nayo inapotosha. Msomaji akisikia mbio anafikiria kasi, kisha anadhani dawa ni kompyuta kupunguza mwendo. Kasoro yenyewe haina ugomvi na kasi. Programu inakagua jambo, mwingine analibadilisha kabla haijatenda, halafu inatenda kwa kuamini ukaguzi wake wa mwanzo. Napendekeza "kuwahiana". Jioni Dar es Salaam watu huwahi siti za daladala: umeiona tupu kupitia dirishani, unazunguka mlangoni, unakuta mtu kashakaa. Macho hayakukudanganya; ulipoitazama ilikuwa tupu kweli.

Ndani ya kiini cha mfumo endeshi, kinachogawa kumbukumbu kwa programu zote, kuwahiana kunaweza kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka yote ya mashine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Dirty COW, kasoro ya Linux iliyotangazwa Oktoba 2016 kwa namba CVE-2016-5195. Inahesabiwa tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007, ingawa mzizi wake ni wa zamani zaidi. COW hapa ni kifupisho tu cha "copy-on-write", ingawa nembo yake ilichorwa ng'ombe kweli: ni utaratibu ambao programu kadhaa husoma ukurasa mmoja wa kumbukumbu, na anayetaka kuandika ndiye anayetengenezewa nakala yake binafsi.

Tufuate hatua. Programu inaomba faili isiloruhusiwa kulibadilisha, tuseme /etc/passwd lenye orodha ya watumiaji, liwekwe kwenye kumbukumbu yake kwa matumizi binafsi, kisha inaandika humo kupitia /proc/self/mem, njia ya kuifikia kumbukumbu yake yenyewe. Kiini kinaona ukurasa ni wa kusoma tu, kinatengeneza nakala. Mpaka hapo hakuna tatizo. Ila nakala nayo ina alama ya kusoma tu, kwa hiyo ombi la kuandika lingekataliwa tena na tena bila mwisho. Kukwepa mzunguko huo, kiini kilikuwa kinafuta nia ya kuandika na kurudia ombi kama msomaji. Katika mwanya huo uzi wa pili (mkondo mwingine wa utekelezaji) wa programu ileile unaita madvise: nakala hii siihitaji tena, itupwe. Inatupwa. Ombi la kwanza linarudi limeshasahau kwamba lilikuja kuandika, linapewa ukurasa halisi wa faili, na kiini kinaandika juu yake.

Wengi hudhani kuwahiana hutokea palipokosekana kufuli. Hapa makufuli yalikuwepo. Jedwali la kurasa lilifungwa na kufunguliwa katika kila hatua inavyotakiwa. Kufuli kubwa la kumbukumbu ya programu nalo pande zote mbili zililishika kwa kusoma, na wasomaji hawazuiani. Ndiyo maana sipendi kuiita "mgongano wa data", jina linalofaa pale nyuzi mbili zinapogusa sehemu moja ya kumbukumbu bila utaratibu wowote, na walau moja inaandika. KCSAN, chombo kilichoingia Linux 5.8 mwaka 2020, huwinda migongano ya namna hiyo. Kuwahiana kunaweza kupita mbele yake bila kengele kulia.

Kiraka cha Dirty COW aliandika Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akieleza kwamba alikwisha kujaribu kuuziba mzizi wake mwaka 2005, na kazi ile ikaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye mashine za s390 za IBM. Enzi hizo kasoro ilionekana ya nadharia tu. Kiini kilipozidi kuhimili kazi nyingi sambamba, ikawa rahisi kuichokoza. Kiraka cha 2016 hakikuongeza kufuli hata moja, na hapo ndipo ninapokivulia kofia. Kiliacha nia ya kuandika ibaki, kikaongeza alama FOLL_COW inayosema nakala imeshatengenezwa, na kikadai ukurasa uliopo uwe pia na alama ya uchafu, yaani kwamba umeshaandikwa, kama ushahidi kwamba nakala bado ipo. Ikitupwa katikati, ukaguzi unashindwa na kazi inaanza upya.

Lakini mwishoni mwa Novemba 2017 ikatangazwa kasoro nyingine, CVE-2017-1000405, katika kiraka hichohicho. Kwa kurasa kubwa za kumbukumbu, msimbo mwingine wa kiini ulikuwa ukitia alama ya uchafu hata pale ambapo nakala haikutengenezwa. Ushahidi ambao kiraka kiliutegemea ukawa unapatikana bila nakala, na kuwahiana kukarudi kwa mlango huo mpaka nao ulipozibwa.