Dhuluma Hulipwaje? Kisa cha Dreyfus na Wachora Katuni

Mtu akihukumiwa kwa kosa asilolitenda, akafungwa miaka, kisha haki ikadhihirika, je, hulipwa nini? Wako watakaosema hulipwa fedha. Wako watakaosema fedha si kitu, arudishiwe jina lake. Na wako, nao si haba, watakaosema kutoka gerezani peke yake kwatosha, ashukuru na anyamaze. Leo twataka kulitazama swali hili kwa kisa kilichotokea Ufaransa, na tutaingia kwa mlango ambao aghlabu watu hawaupiti: mlango wa katuni, yaani zile picha za dhihaka magazetini ambazo sisi huzitazama, tukacheka, tukafunga gazeti.

Alfred Dreyfus alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Mulhouse, akawa kapteni wa mizinga katika Makao Makuu ya Jeshi la Ufaransa. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1894 ilipatikana karatasi iliyochanwa, iliyotolewa katika jaa la karatasi la ubalozi wa Ujerumani mjini Paris na mwanamke aliyekuwa akifanya usafi humo. Karatasi ile iliorodhesha siri za jeshi ambazo mtu fulani alikuwa akiwauzia Wajerumani. Palitafutwa mwenye mwandiko, na kidole kikamwelekea Dreyfus. Akakamatwa tarehe 15 Oktoba 1894, na tarehe 22 Desemba mahakama ya kijeshi, iliyokaa milango imefungwa, ikamtia hatiani kwa kauli moja. Mahakimu walipewa bahasha ya siri ambayo wakili wake hakuonyeshwa. Zingatia hapo, ndugu msomaji: mtu alihukumiwa kwa ushahidi asioujua, wala hakuweza kuujibu.

Tarehe 5 Januari 1895 alisimamishwa katika ua wa Chuo cha Kijeshi cha Paris. Mbele ya askari, na umati ukipiga kelele nje ya uzio, alivuliwa alama za cheo na upanga wake ukavunjwa vipande viwili. Yeye alikuwa akipaza sauti kuwa hana hatia. Siku chache baadaye, tarehe 13 Januari, gazeti la Le Petit Journal, ambalo siku zile lilikuwa likiuza karibu nakala milioni moja, lilitoa katika toleo lake la picha mchoro wa Henri Meyer wa tukio hilo, na chini yake neno: Msaliti. Ikawa nyumba ambazo hazikusoma hata mstari mmoja wa kesi ile zilikuwa na picha ya mtu huyo, na hukumu yake imeshaandikwa chini.

Akapelekwa Kisiwa cha Shetani, karibu na pwani ya Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini. Huko alikaa peke yake, walinzi wamekatazwa kusema naye. Mwaka 1896, kwa zaidi ya mwezi mmoja, usiku alifungwa kwa pingu za chuma kitandani. Mwaka huo huo ofisa mmoja wa upelelezi, Georges Picquart, aligundua kuwa mwandiko wa karatasi ile ni wa ofisa mwingine, Esterhazy. Badala ya kushukuriwa, Picquart akaondolewa Paris na kupelekwa mbali, hata akafikishwa Tunisia. Esterhazy akashitakiwa kwa kutimiza wajibu tu, na tarehe 11 Januari 1898 akaachiwa huru. Siku mbili baadaye mwandishi Émile Zola alichapisha barua yake maarufu ya kuwashitaki wakubwa wa jeshi, na Ufaransa ikagawanyika sehemu mbili.

Hapo ndipo kalamu za wachoraji ziliposhika moto. Tangu sheria ya mwaka 1881 magazeti ya Ufaransa yalikuwa na uhuru mkubwa, na uchapaji wa picha ulikuwa umekuwa rahisi. Februari 1898 wachoraji wawili hodari, Forain na Caran d'Ache, walianzisha gazeti la katuni lililoitwa Psst...! kwa ajili ya kumshambulia Dreyfus na kila aliyemtetea. Huyu Caran d'Ache jina lake hasa ni Emmanuel Poiré, aliyezaliwa Moscow, na jina la uchoraji alilitwaa kutoka neno la Kirusi lenye maana ya kalamu ya risasi. Haikupita hata wiki mbili, mchoraji mwingine, Ibels, akaanzisha gazeti la kuwajibu, akaliita Le Sifflet, yaani Filimbi. Wiki baada ya wiki picha ikaijibu picha.

Katuni mashuhuri kuliko zote ilitoka katika Le Figaro tarehe 14 Februari 1898, na aliyeichora ni huyo huyo Caran d'Ache. Ina picha mbili. Ya kwanza yaonyesha jamaa wamekaa mezani kwa utulivu, na mkubwa wa nyumba ananyanyua kidole kuwaonya wasiizungumze habari ya Dreyfus. Ya pili yaonyesha meza imepinduka, watu wamekabana makoo, na maelezo ya chini yasema kwamba wameizungumza. Hata wewe msomaji huenda umetabasamu, maana nyumba za namna hiyo zapatikana kila mahali. Lakini mtazame yule asiyekuwamo katika picha. Siku jamaa wale walipokuwa wakirushiana sahani, mtu asiye na hatia alikuwa bado kisiwani, na taabu yake imekuwa kichekesho cha karamu.

Katuni nyingine hazikuwa na hata huo ucheshi. Mwaka 1899 na 1900 mtu aliyejiita Lenepveu alitoa mabango ya rangi zaidi ya 50, akayapa jina la Makumbusho ya Vitisho. Humo Zola alichorwa nguruwe, na Dreyfus akachorwa kichwa chake juu ya joka lenye vichwa vingi. Mchoraji hakuwa na haja ya kuleta shahidi. Shahidi huulizwa maswali, naye hujikanganya akafedheheka. Picha ya joka nani ataiuliza swali?

Lazima tuseme kwa nini picha hizo zilikubalika upesi. Zilikubalika kwa sababu chuki ya Mayahudi ilikuwa imekwisha kutangulia katika nyoyo. Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kulipita jambo hili kimya. Katika Sura An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, mna aya ambazo wafasiri wengi wameeleza kuwa ziliteremka pale Myahudi wa Madina aliposingiziwa wizi wa deraya, na mwizi mwenyewe akiwa ni mtu anayejihesabu miongoni mwa Waislamu. Jamaa wa mwizi walikuja kumtetea mtu wao, na wahyi ukashuka kumsafisha yule asiyekuwa wao. Anayesoma aya hizo kisha akafurahi mtu kuchorwa joka kwa sababu ya kabila lake au dini yake, huyo amezisoma kwa ulimi tu.

Turudi kwenye kisa. Agosti 1898 ilifichuka kuwa hati moja kubwa ya ushahidi ilibuniwa na ofisa aitwaye Henry. Akakiri, na siku ya pili akakutwa amekufa katika chumba alimofungiwa. Hukumu ya kwanza ikatenguliwa Juni 1899, Dreyfus akarudishwa Ufaransa, akahukumiwa upya mjini Rennes. Na mahakama ya kijeshi, kwa kura tano kwa mbili, ikamtia hatiani tena, ikisema eti pana mambo ya kumpunguzia adhabu: miaka kumi. Siku kumi baadaye, tarehe 19 Septemba 1899, Rais Loubet akampa msamaha.

Msamaha! Ndugu msomaji, hebu lipime neno hilo. Husamehewa aliyekosa. Dreyfus alikuwa amedhoofika kwa maradhi, akaukubali ili asife gerezani, lakini akatangaza kuwa ataendelea kuitafuta heshima yake. Ikamchukua karibu miaka saba. Tarehe 12 Julai 1906 mahakama kuu ya rufani ikaifuta hukumu ya Rennes kabisa, wala haikumrudisha mbele ya mahakama nyingine.

Sasa ndipo lilipokuja swali letu la malipo. Mwaka 1895, mwaka ule ule aliopelekwa kisiwani, Ufaransa ilikuwa imepitisha sheria ya kumpa fidia ya fedha mtu aliyehukumiwa kwa makosa. Dreyfus alikuwa na haki ya kuidai. Hakuidai. Mahakama yenyewe iliandika katika hukumu yake kuwa ameikataa fidia ya fedha. Alichokitaka ni kitu kingine: ahesabiwe miaka yake. Sheria iliyopitishwa siku ya pili, tarehe 13 Julai, ilimrudisha jeshini kwa cheo cha meja, na mwezi huo huo akavishwa nishani katika Chuo kile kile cha Kijeshi alikovunjiwa upanga. Lakini cheo kilihesabiwa kuanzia siku hiyo. Miaka ya kisiwani na miaka ya kungojea haki haikuhesabiwa kuwa ya utumishi, kana kwamba alikuwa amekwenda matembezi. Wenzake wa rika moja walikuwa wamemtangulia, na njia ya kufika ujenerali ilikuwa imefungwa. Picquart, kwa upande wake, alipewa ujenerali uliohesabiwa kuanzia miaka ya nyuma, na Oktoba 1906 akawa Waziri wa Vita. Dreyfus akamwendea yeye, mtu aliyehatarisha kazi yake kwa ajili ya kweli, amrekebishie hesabu. Picquart akakataa. Mwaka 1907 Dreyfus akaomba kustaafu.

Na zile picha, je, zilifutwa? Tarehe 4 Juni 1908, katika sherehe ya kuyahamishia mabaki ya Zola katika Panthéon, mwandishi wa gazeti mmoja aitwaye Grégori alimpiga Dreyfus risasi, akamjeruhi mkono. Alipofikishwa mahakamani, baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Miaka miwili baada ya korti kuu kusema kuwa mtu huyu hana hatia, palikuwa na watu wanaomwona joka, na joka kulipiga risasi si kosa.

Niruhusu hapa nikueleze habari yangu mwenyewe, maana si uungwana kuwahukumu Wafaransa na kujisahau. Miaka mingi nyuma, katika chuo nilichokuwa nikisomesha, zilipotea fedha za mafuta ya taa. Tulimdhania mtoto mmoja, fukara kuliko wote. Watoto wenzake wakamchora ukutani kwa mkaa: panya ameshika mkoba mdomoni. Nikapita, nikaiona, nikatabasamu. Sikusema neno. Kisha fedha nikaziona mimi mwenyewe kabatini, ndani ya kitabu nilichozitia kwa mkono wangu. Nikaamuru ukuta upakwe chokaa, nikamshonea mtoto kanzu mpya. Mama yake akaja, akanambia kwa upole, “Maalim, kanzu tumeipokea, Mungu akulipe. Lakini huko mtaani wamuita Panya. Hilo nitalivua vipi?” Sikuwa na jibu. Laiti siku ile ningelikunja uso badala ya kutabasamu, labda jina lisingelitoka nje ya ua wa chuo.

Dreyfus alirudi jeshini vilipozuka vita vya 1914, akapata cheo cha luteni kanali, akafariki tarehe 12 Julai 1935. Katika miaka ya 1980 serikali ya Ufaransa iliagiza sanamu yake. Aliyepewa kazi hiyo ni Louis Mitelberg, aliyejulikana kwa jina la TIM, na kazi yake ilikuwa kuchora katuni za siasa magazetini. Akamtengeneza Dreyfus kwa shaba nyeusi, amesimama wima, ameshika mbele ya uso wake upanga uliovunjika. Ilikusudiwa iwekwe katika ua alikodhalilishwa, lakini jeshi halikuikubali. Mwaka 1988 ikawekwa katika bustani ya Tuileries, na mwaka 1994 ikahamishiwa kwenye kiwanja kidogo pembeni mwa Boulevard Raspail, ambako ipo hata leo. Ilibidi ifike Novemba 2025 ndipo Ufaransa ilipopitisha sheria ya kumpandisha Dreyfus cheo cha jenerali wa brigedi. Miaka 119 baada ya kuikataa fedha na kuomba ahesabiwe miaka yake, alihesabiwa, naye yumo kaburini miaka 90.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, tusidharau fidia. Mwenye kudhulumiwa apewe fedha akizitaka, na apewe upesi, kwani ana watoto na ana madeni. Lakini hesabu yake haikomi hapo. Ana miaka ya kuhesabiwa, ana cheo, ana jina, na katika jina wadaiwa ni wengi kuliko serikali. Yumo aliyechora, yumo aliyechapa, yumo aliyenunua, na yumo aliyetabasamu akapita. Serikali yaweza kutunga sheria baada ya miaka 119. Wewe na mimi hatuna muda huo.

Jioni ya leo gazeti likiingia nyumbani, nalo lina picha ya mtu ambaye kesi yake haijakwisha, au imekwisha na watu hawataki kukubali, mwite mwanao umuulize: huyu tunamcheka kwa jambo gani, na nani alilishuhudia? Akikosa jibu, basi naye ajifunze kulikunja gazeti.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na mikono yetu, na atusamehe tulichokicheka bila ya kukijua. Amin.